Nilimwambia Aache Fizikia

Ukitoka Machakos mjini ukashika barabara ya Kituluni, hukai sana kwenye gari kabla ya kufika Kyamwilu. Hapo ndipo kaunti yetu inapouza uvutano. Wikendi utawakuta wageni wa Nairobi wameegesha kando, simu ziko juu, wanarekodi. Kijana wa pale anamwaga maji kwenye lami, na maji, badala ya kuteremka, yanapanda. Dereva anaweka gari nyutro, anaondoa mguu kwenye breki, na gari linaanza kupanda mlima taratibu kama limeitwa. Watu wanapiga kelele. "Hapa uvutano haufanyi kazi," kijana anatangaza, na wageni wanaingiza mkono mfukoni.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka darasa langu pale. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule moja ya sekondari kaunti hii hii, na niliona safari hiyo itakuwa somo rahisi juu ya jinsi vilima vinavyoweza kudanganya macho. Mvulana mmoja alikuja na pimamaji ya babake, ambaye ni fundi wa kujenga. Wenzake walipokuwa wakirekodi maji, yeye alipiga magoti barabarani, akailaza pimamaji juu ya lami na kukiangalia kiputo. Kilikuwa kimekimbilia upande ule ambao macho yetu sote yalisema ni chini.

"Mwalimu, huku ndiko juu," akasema. "Hayo maji yanateremka tu kama maji mengine."

Nikampongeza. Nikadhani somo limeisha. Halafu akaniuliza, "Sasa uvutano wenyewe ni nini?"

Nikaokota kijiti, nikamwandikia mlinganyo wa Newton kwenye vumbi kando ya barabara. Akausoma, akatingisha kichwa. "Hiyo inaniambia ni kiasi gani, Mwalimu. Mimi nimeuliza ni nini."

Kijana huyo alipomaliza kidato cha nne alikuwa na A ya fizikia na A ya hisabati. Alikuja kwangu na simu yake tusaidiane kuchagua kozi za chuo. Alitaka digrii ya fizikia. Alikuwa ameona mihadhara kwenye YouTube, akanitajia uvutano wa kwantamu, nadharia ya nyuzi, na kinachoipata habari iliyoingia ndani ya shimo jeusi. Alisema anataka kuifanya hiyo kazi. Mimi nikacheka, si kwa ubaya, nikamwambia sentensi ambayo walimu wengi wa nchi hii wameshaisema kwa namna moja au nyingine: "Kijana, uvutano wa kwantamu utakununulia unga?"

Akasema, "Sawa, Mwalimu." Tukajaza kozi ya hesabu za bima. Mamake aliniletea jogoo kunishukuru.

Desemba iliyopita nilikutana naye steji, Machakos. Yuko fiti. Ana kazi Nairobi, analipia wadogo zake karo, nyumba ya mamake ameiweka mabati mapya. Nikajisifu kimoyomoyo. Tukanunua soda, tukaongea mambo ya nyumbani, na kabla ya kuagana akaniuliza, "Mwalimu, ile hesabu ya shimo jeusi, walishaipata?"

Nikamwambia sijui.

"Aa," akasema. "Mimi nilidhani wewe bado unafuatilia."

Hiyo sentensi ndiyo imeniandikisha makala haya. Nilimpa yule kijana ushauri uliomletea pesa, na bado nasema nilimdanganya. Na si mimi peke yangu. Nchi nzima tunawadanganya watoto hivi, na tunaita huo uongo busara.

Hebu tuuangalie vizuri, sababu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza tunayoisema ni kwamba fizikia ya nadharia ni anasa ya matajiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, waache wazungu wahangaike na nyuzi, sisi tuna kiangazi. Inasikika vizuri sana ukiwa Ukambani, mahali ambapo mvua zikikosa mara mbili mfululizo kila mtu anajua. Lakini hebu piga hesabu. Mwanasayansi wa maabara anahitaji jengo, mashine, kemikali, umeme usiokatika. Mtaalamu wa nadharia anahitaji ubao, chaki, karatasi, laptopu na intaneti. Kati ya sayansi zote, hii ndiyo ya bei rahisi zaidi. Nchi maskini isiyoweza kununua darubini ya mabilioni inaweza kununua chaki.

Vitabu je? Tangu mwaka 1991, Paul Ginsparg alipoanzisha hazina ya makala ambayo leo inaitwa arXiv, wataalamu wa nadharia huweka kazi zao pale, bure, kabla hata hazijachapishwa kwenye majarida. Na waliokuwa wa kwanza kuitumia ni hawa hawa watu wa nyuzi na wa chembe. Maana yake, makala ikitoka leo Princeton, msichana wa Mutituni mwenye bando ya siku moja anaweza kuisoma leo hii. Ni sayansi ngapi zinazomwachia mtoto wa Machakos mlango wazi namna hiyo? Sisi ndio tunaosimama mlangoni tukimwambia arudi.

Ya pili, ati haina matumizi. Hapa watetezi wa sayansi hukimbilia mfano wa GPS, na ni mfano wa kweli. Saa zilizo kwenye setelaiti hukimbia mbele ya saa zetu za chini kwa takriban sekunde milioni 38 za sehemu... hapana, acha niiandike kama ninavyoiandika ubaoni: mikrosekunde 38 kila siku. Mikrosekunde moja ni sekunde moja ukiigawa mara milioni. Hicho kipande kidogo, kisiporekebishwa kwa hesabu za Einstein za mwaka 1915, kingeisogeza ramani ya simu yako kwa kilomita kama 10 kwa siku. Bodaboda uliyeitisha ukiwa Machakos mjini angekutafuta vichakani. Na Einstein alipoandika milinganyo yake hakuwa na setelaiti wala bodaboda akilini. Alikuwa anauliza swali lile lile la yule kijana wa pimamaji.

Lakini mimi sitaki kujificha nyuma ya GPS, kwa sababu kuhusu nyuzi lazima tuseme ukweli. Shida yenyewe ni hii. Fizikia ina vitabu viwili vya sheria. Kimoja, cha Einstein, kinatawala vikubwa: sayari, nyota, ulimwengu wote. Cha pili, cha kwantamu, kinatawala vidogo: atomu, elektroni, mwanga. Kila kimoja kimepita kila mtihani tuliokipa. Ila ukienda mahali ambapo kitu ni kizito mno na kidogo mno kwa wakati mmoja, kama katikati ya shimo jeusi au ulimwengu ulipoanza, hivyo vitabu viwili vinagombana na hesabu zinakataa kutoa jibu lenye maana. Kutafuta kitabu kimoja kitakachovipatanisha ndiyo kazi inayoitwa uvutano wa kwantamu.

Nadharia ya nyuzi ni jaribio moja la kuvipatanisha. Kama umewahi kusikiliza gitaa la Kakai Kilonzo, unajua uzi mmoja ukibanwa mahali tofauti hutoa sauti tofauti. Nadharia hii inasema kila chembe ni mtetemo wa uzi mdogo mno. Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz walionyesha kwamba mmoja wa mitetemo hiyo una tabia zote za chembe inayobeba uvutano. Wengi hawakusikiliza. Schwarz alikaa Caltech zaidi ya miaka 10 bila nafasi ya uprofesa wa kudumu, akiendelea na hesabu ambayo wenzake waliiona imepitwa na wakati, mpaka mwaka 1984 yeye na Michael Green walipopata matokeo yaliyoamsha dunia nzima ya fizikia.

Na mpaka leo haijathibitishwa. Mashine kubwa ya CERN, yenye mzingo wa kilomita 27, ingehitaji kuwa na nguvu zaidi mara trilioni elfu moja hivi kuzigusa nyuzi zenyewe moja kwa moja. Kuna wanafizikia wakubwa wanaosema njia hii imepotea. Inawezekana wako sawa. Simwambii mtoto yeyote asome nyuzi kwa sababu nyuzi ni kweli. Namwambia swali ni la kweli, na ana haki ya kuwa miongoni mwa wale watakaogundua kama jibu hili ni sahihi au ni upuuzi. Sisi Wakamba tunamkumbuka Syokimau, aliyeona nyoka mrefu wa chuma kabla reli haijafika. Mtaalamu wa nadharia naye husema kitu kabla hakijaonekana, isipokuwa yeye analazimika kuweka hesabu mezani ili mtu mwingine aweze kumwonyesha alipokosea.

Ya tatu: hakuna kazi. Hii ndiyo iliyonishinda mimi, na sitaipuuza, kwa sababu anayelipa bei ya ushauri mbaya ni mtoto na wala si mwalimu. Basi njia yenyewe iko hivi, bila kupaka sukari. Miaka minne ya digrii ya kwanza. Baada ya hapo unahitaji mahali pa kujazia mapengo. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kina diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, inayolipiwa. Taasisi za AIMS za hisabati zilizotapakaa Afrika zina shahada ya uzamili inayolipiwa. Kisha uzamifu, miaka minne au mitano. Kisha mikataba ya utafiti ya miaka miwili miwili au mitatu, leo Korea, kesho Brazil, ukiomba kazi kila mwaka pamoja na mamia ya watu werevu kama wewe. Wengi hawapati uprofesa. Unaweza kufika miaka 35 bado unahamahama na sanduku, na nyumbani wanauliza utaoa lini, utaolewa lini, utajenga lini.

Hiyo ndiyo kazi. Ni ngumu. Lakini sasa niambie, ni kazi gani nyingine tunayomsukumia kijana wa Kenya yenye uhakika? Nina wanafunzi wangu wahandisi wanaouza nguo Muthurwa. Nina waliosomea ualimu, wamekaa miaka wakisubiri TSC iwaite. Na wale wanaoiacha fizikia ya nadharia njiani, hawaanguki shimoni. Wanaandika programu, wanafanya kazi benki, wanafundisha mashine kufikiri, kwa sababu mtu aliyezoea kukaa miezi sita na tatizo moja bila kulikimbia anatafutwa kila mahali. Tofauti ni kwamba mhandisi asiye na kazi tunamwambia pole, ni uchumi. Mwanafizikia asiye na kazi tunamwambia tulikuonya.

Ukizivua hizo sababu tatu, inabaki ya nne, ambayo hatuisemi kwa sauti: hiyo kitu si yetu.

Hapo ndipo hasira yangu inaanzia, kwa sababu historia inasema kinyume. Tarehe 29 Mei 1919, nadharia ya Einstein ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya dunia wakati wa kupatwa kwa jua, moja ya vituo viwili vya vipimo kilikuwa Afrika, kwenye kisiwa cha Príncipe. Arthur Eddington alifika na darubini zake kwenye mashamba ya kakao, akapiga picha nyota, akaondoka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri yetu, setelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Ilikuwa setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vya kitu kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yako kweli. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na rafiki yake Kip Thorne juu ya kitu hicho hicho. Mwaka huo huo alionyesha kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho na linaweza kuyeyuka polepole. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la habari inayopotea, lile lile alilonitajia mwanafunzi wangu.

Umeelewa? Swali lililomnyima usingizi kijana wa Machakos lilipitia Malindi. Lina jina la Kiswahili kwenye ukoo wake. Na sisi tulifundishwa Kenya ina umuhimu kwa sayansi ya anga kwa sababu iko karibu na ikweta, ndiyo maana roketi zilikuwa zikirushwa hapa. Yaani mchango wetu ni mahali tulipo. Tunatoa ardhi, tunatoa bahari, tunatoa jina, na wengine wanatoa swali. Kyamwilu ni hivyo hivyo: tumepewa barabara ya ajabu, na tunachojua kufanya nayo ni kumwaga maji na kukusanya kitu kidogo.

Utaniambia, "Lakini Mwalimu, mtu atafanyaje hiyo kazi akiwa hapa?" Ni swali zuri, na aliyelijibu kwa maisha yake ni Abdus Salam. Alirudi Pakistan mwaka 1951 akitoka Cambridge, akiwa tayari anajulikana. Mkuu wa chuo alichofundisha Lahore alimwambia asahau utafiti, achague kazi ya ziada: awe msimamizi wa bweni, mhasibu, au mkuu wa klabu ya kandanda. Akachagua kandanda. Mwalimu yeyote wa Kenya aliyewahi kukabidhiwa gemu na usimamizi wa mabweni siku moja na vipindi 28 anaielewa hadithi hii hadi kwenye mifupa. Mwaka 1954 Salam alirudi Uingereza. Baadaye alisema kilichomshinda ni upweke, kukosa watu wa kubishana nao. Ndiyo maana mwaka 1964 alianzisha kile kituo cha Trieste, ili mwanafizikia wa nchi maskini aweze kwenda miezi michache, akapata wenzake, kisha arudi kwao bila kulazimika kuhama. Mwaka 1979 alipata Nobeli.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyerudi kwao akabaki. Ashoke Sen, Mhindi, alipata uzamifu wake Marekani, akafanya utafiti huko miaka michache, kisha akarudi India mwaka 1988. Mwaka 1994, akiwa Bombay, aliandika makala iliyobadilisha mwelekeo wa nadharia ya nyuzi duniani kote. Baada ya hapo akahamia taasisi ndogo huko Allahabad, mji usio mkuu wa nchi, na ndiko alikokuwa mwaka 2012 alipotajwa kati ya watu tisa wa kwanza kupewa tuzo mpya ya fizikia ya dola milioni 3 kila mmoja. Bombay alikoandikia makala ile kulikuwa na taasisi ya utafiti wa msingi iliyoanzishwa mwaka 1945, kabla hata India haijapata uhuru. Usiniambie walikuwa wameshiba. Mwaka 1943 njaa ilikuwa imeua mamilioni ya watu Bengal.

Kwa hiyo kinachotukosesha wanafizikia wa nadharia si njaa. Ni upweke. Sayansi hii inahitaji chaki, ndiyo, lakini inahitaji pia watu wanne watano wanaokaa chumba kimoja na kuambiana, "Hapo umekosea." Wasimamizi wa Rwanda walilielewa hilo: tangu mwaka 2018 Kigali kuna taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, mshirika wa kituo cha Trieste. Rwanda haina mafuta wala bandari. Na mwaka 2007, viongozi wa Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa, walihimizana kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Hiyo ahadi tunaijua vizuri, kwa sababu inasomwa kwenye kila hotuba ya sayansi. Mimi ninachoomba hakifiki hata kwenye desimali zake: nafasi chache za kudumu kwenye vyuo vyetu kwa watu wa nadharia, wasiolazimishwa kila mwaka kueleza utafiti wao utamsaidiaje mkulima wa ndengu. Mkulima wa ndengu ana mtoto, na mtoto huyo ndiye aliyekuja na pimamaji.

Na tuache pia ugonjwa wa kumsubiri "Einstein wa Kiafrika". Neno hilo lilivuma mwaka 2008 kupitia Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanzisha AIMS huko Cape Town mwaka 2003. Nia yake ilikuwa njema na kazi yake inaonekana. Mwaka 2014 AIMS ilifungua kituo hata Bagamoyo. Lakini sisi tumeligeuza neno hilo kuwa kisingizio: tunakaa tukingoja muujiza mmoja, ili tusiwajibike kwa watoto elfu wa kawaida wenye maswali. Kinachonigusa zaidi katika maisha ya Turok ni utoto wake. Wazazi wake walifungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, familia ikakimbilia Afrika Mashariki, na amesimulia jinsi mwalimu mmoja wa Dar es Salaam alivyomwachia achunguze mambo mwenyewe, achezee mota na milinganyo. Mwalimu mmoja, Dar es Salaam. Hakumuuliza habari za unga.

Hapo ndipo makala haya yananirudia mimi. Mimi sikukosa bajeti. Sikuzuiwa na wizara. Mtoto aliniletea swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na mimi nikamjibu kama mzee wa kamati ya harambee. Ningeweza kumwambia ukweli wote: njia ni hii, urefu wake ni huu, hatari zake ni hizi, wengi huishia kwingine, na ukitaka tutaanza kusoma pamoja Jumatatu. Halafu angechagua mwenyewe. Pengine angechagua hesabu za bima hata hivyo. Lakini angekuwa amechagua, na mimi ningekuwa bado nafuatilia.

Baada ya ile siku ya steji nilikaa wiki mbili usiku nikisoma. Kisha nikamtumia ujumbe: hawajaipata yote, lakini mwaka 2019 kundi la vijana, akiwemo Ahmed Almheiri wa Falme za Kiarabu, walionyesha kwa hesabu namna habari inavyoweza kutoka kwenye shimo jeusi badala ya kupotea. Nikamwekea makala.

Akajibu usiku wa manane. "Mwalimu, ukurasa wa kwanza tu umenilaza. Jumamosi uko?"

Nilikuwepo. Akaja kutoka Nairobi na daftari jipya. Safari ya pili tukaongezeka: msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa karibu kuacha fizikia achukue somo "la kupita", na mwalimu mwenzangu wa hisabati aliyesema amekuja kutuchekea. Tunatumia darasa tupu na ubao wenye ufa. Hakuna kati yetu atakayepata Nobeli, na makala yenyewe bado hatuiwezi, kwa hiyo tumerudi nyuma kwenye kitabu cha mwanzo cha uvutano na tunakipanda polepole. Jumamosi iliyopita tulikwama ukurasa wa 14, msichana akisema mwalimu wa hisabati amekosea alama ya kutoa. Tukabishana mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Alikuwa amekosea kweli. Jumamosi hii tunaanzia hapo.